Mwavuli wa Manjano

Dada yangu Rayya karudi Italia ya kusini
na ngozi ya pua imebabuka,
viatu vimelika kisigino upande mmoja,
na mwavuli wa manjano usiofunguka vizuri,
zawadi ya kuagana.

Mimi sikwenda. Goti langu halikupewa viza.

Siku nane, anasema, watu ishirini na mmoja
nyuma ya kijana mmoja, Donato,
aliyeuinua mwavuli huu juu ya vichwa
kama mtu anayetafuta mtandao.
"Mimi, niliyefundisha hesabu nusu ya Al-Hamra,
niliyenyamazisha darasa kwa jicho,
nikafuata mwavuli!
Ukisimama, nasimama.
Ukikata kona, nakata.
Hata msalani nimekwenda kwa ratiba."

Tunacheka. Kahawa inazunguka.
Shamsa anauliza bei ya dhahabu Napoli.
Ghaniya anauliza kibla kilianguka wapi.
"Penye kabati la nguo," anasema Rayya,
"hoteli zote nne."

Halafu anageuza kikombe, hataki tena.

Siku ya tano walifika Matera,
mji uliochongwa mwambani, nyumba juu ya nyumba,
dari ya huyu ndiyo ua wa yule.
Donato akaufunga mwavuli.
Akawaingiza kwenye pango moja:
hapa kitanda, hapa punda,
kuku uvunguni,
na hapa, alipoweka kiganja ukutani,
hapa alizaliwa bibi yake.
Kisha serikali ikaja na funguo za nyumba mpya,
watu wakahama kwa haya na kwa shukrani,
huku wakiangalia nyuma.
Siku hizi wageni hulipa kulala mle, kwa mishumaa.

"Wenzangu walipiga picha.
Mimi nilitafuta pa kushika.
Lile pango lilinukia nyumba ya mama mkwe."

Asubuhi, jua halijashuka kutoka Jabali Shams,
mlango unagongwa.
Mwavuli uko juu, nusu wazi.
"Kundi! Viatu vya kutembea!"

Basi tukapanda, wanawake wanne na goti langu,
tukavuka falaji, tukaingia mtaa wa udongo
tuliouhama sote kwa ajili ya saruji na viyoyozi
na hatukuulizana tena.

"Kushoto kwenu, mabibi, dirisha la Zamzam.
Aliuza ndimu kavu na habari za watu,
ndimu kwa kilo, habari bure.
Mbele, kizingiti. Chungeni vichwa.
Mlango huu tuliupitia mwaka wa sabini na mbili,
mimi na mdogo wangu huyu, kutoka Unguja,
masanduku mawili na Kiswahili kitupu.
Watoto walitufuata wakituiga tunavyosema."

Nilikuwa nimesahau wale watoto.
Mmoja wao ni Shamsa. Kainamisha macho, anachezea shela.

Nyumba ya mama mkwe haina paa.
Magogo ya mitende yamelala jikoni,
mbingu imekaa palipokuwa na kinu.
Masizi ya tanuri yangali meusi,
meusi kama ya jana.
Rayya aliufunga mwavuli.
Tukangoja maelezo.
"Hapa," alisema.
Tukangoja tena.
"Hapa aliniambia *taali*, njoo,
nami sikujua maana yake, nikasimama tu,
akaja yeye akanishika mkono."

Nyuma yetu palikuwa na wageni wawili,
mume na mke, mabegi mgongoni,
sijui walijiunga na msafara kona ipi.
Walisimama mwisho wa mstari kwa adabu.
Mwanamume akasugua vidole: bei gani?

Rayya akamtazama kwa lile jicho la hesabu.
Nikadhani atamfukuza.
Akampa mwavuli ashike,
akachutama, akakunja mkono wa kanzu,
akaanza kufagia kizingiti kwa kiganja,
na yule bwana, asijue afanye nini,
akauinua mwavuli juu,
nasi tukasimama nyuma yake, kundi zima,
tusiende popote.