Kiboko Haongei

Viatu vyangu vya magurudumu vilikuwa vya mtumba:
cha kushoto namba sita, cha kulia namba nane,
nafasi iliyobaki nikaishindilia pamba.
Saruji ya Makorora ilinijua kwa mlio,
krrr, hadi kwa muuza mihogo, krrr, kurudi,
na kiuno kikikumbuka mdumange wa shangazi.

"Mwanamvua, utateguka," mama alisema.
Nikateguka. Idi Mosi, mbele ya halaiki,
goti likalia kama ufito mkavu.

Siku hizi, bustani ya bembea, Raskazone,
nimo ndani ya kiboko.
Kiboko wa sponji, tabasamu lake limeshonwa;
naiona dunia kupitia meno.
Jasho hunishuka mpaka soksini.
Watoto hunikumbatia magoti yote mawili,
hawajui lipi bovu.
Ujira ni wa kutwa, na soda moja.

Jana kabinti kamoja kalisimamia ncha za vidole,
kakaninong'oneza puani: "Najua umo."

Kiboko haongei; ndiyo sharti la kazi.
Nikageuka polepole, mguu mzima ukachora duara,
na humo gizani, kwa ulimi tu,
krrr.