Mjomba Hayumo

Newala, chumba cha nyuma ya ghala la ushirika,
kompyuta sita, zinazowaka nne.
Vumbi la salfa limeingia mpaka chini ya herufi S,
ndiyo maana, anasema Fadhina,
neno sifa linatugomea.

Mwalimu Nandonde kaandika ubaoni:
sifa, ile inayokaa ndani ya lebo.
Akafuta kidogo kwa kiganja, akaandika tena:
sifa, ile inayokaa kwenye mtindo.
"Ni vitu viwili, msivichanganye."
Tukamwangalia.
Chaki moja, mkono mmoja, neno moja.

Kwa wenyewe waliotunga ni maneno mawili,
na hata wao, alikiri, huyapishanisha.
Husema lebo wakiwa na maana ya kipengele kizima,
kama mtu anayeita gunia
kwa jina la karatasi iliyoshonewa mdomoni.

Na vichwa!
Kichwa kisichoonekana, kinachobeba mipango ya ukurasa.
Kichwa cha juu, chenye nembo ya chama.
Kichwa cha habari, kimekolea wino.
Vyote juu ya mwili mmoja.
Fadhina kaandika daftarini: *hili ni jini.*

Likaja neno la kupanga vitu kwa aina.
Nandonde akasema darasa.
Somoe, anayepima korosho msimu mzima, akasema hapana,
daraja: hili la kwanza, hili la pili, hili limenyauka.
Wakabishana mpaka umeme ukakatika,
wakaendelea gizani.

Somo la urithi nililielewa haraka mno,
hapo ndipo nilipojikwaa.
Mtoto hurithi kwa mzazi anayemzunguka.
Rangi ya maandishi hurithiwa.
Mpaka haurithiwi.

Mpaka haurithiwi?
Mama ana mikorosho arobaini na miwili kule Kitangari,
na alichorithi hasa ni mpaka:
jiwe, mstari wa mkonge, na kesi.
Alirithi kwa mjomba wake.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu, mjomba yuko wapi?

Akautazama ule mti wa ukurasa aliouchora,
mzazi, mtoto, ndugu,
akafuata tawi kwa kidole, akarudi.
"Hayumo," akasema.
Naye ni Mmakonde. Alisimama kidogo na chaki yake.
"Hayumo kabisa."

Jioni nilibaki peke yangu.
Jina la daraja (nimemfuata Somoe) ni hiari ya mwandishi,
mashine haiulizi ukoo.
Nikaandika nukta, nikaandika *mjomba*,
rangi: kahawia ya korosho iliyoungulia kaangoni.
Nikalipachika jina hilo kwa mtoto wa dada,
ndani kabisa, chini ya baba wa bluu.
Nikabonyeza.

Baba alibaki bluu.
Mtoto akageuka kahawia.

Halafu, kwa ajili ya mama,
nikamwekea na mpaka.