Njia ya Kichana

Siku ya kwanza nilipokewa na upepo.
Haukubisha hodi. Ulinivua mtandio mlangoni pa uwanja wa ndege,
ukanirudishia kombo.
Mwanaidi akacheka: "Huyo ndiye mwenyeji, shangazi.
Sisi wengine wapangaji."

Siku ya pili nililala.
Siku ya tatu, kama ilivyo ada, nikapewa jembe,
ila la huku pana, la plastiki,
la kulimia theluji ya mwezi wa tano,
iliyochelewa kama mchango wa harusi.
Nikalima hadi kwa jirani.

Jirani ni Dhanmaya, Mnepali wa Bhutan,
aliyezeeka kambini, akaletewa tiketi
meno ya mbele yameshatangulia.
Hatuna hata neno moja la pamoja.
Alinipa bakuli la mboga zilizochachushwa,
ukali ukanipanda puani. Nikampa bizari.
Tukatikisa vichwa, yeye kwa ndiyo yake, mimi kwa ndiyo yangu.
Hazifanani.

Lethbridge, Alberta.
Barabara ya mwisho inakoma ghafla
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
na nyasi zinaanza.
Nyasi, nyasi, nguzo ya umeme, nyasi.
Nimezoea nchi inayojisitiri nyuma ya migomba;
hii imejianika yote, haina hata chumba cha ndani.
Bondeni daraja la reli limesimama kwa miguu myembamba ya chuma,
na treni juu yake ndefu kuliko khutba.

Mwanaidi hukaanga viazi vya watu asiowajua, zamu ya usiku.
Alfajiri anarudi, nywele zinanuka mafuta,
ananihesabia wenzake huku anavua viatu:
Mmenoniti kutoka Mexico mwenye Kijerumani cha kale,
Mjapani ambaye babu wa mama yake aliletwa kwa amri kung'oa viazi sukari,
wasichana wawili wa Goma wanaogombana kwa Kiswahili
ili msimamizi asisikie,
na msimamizi mwenyewe, Leander, Mkainai,
"ambaye hakutoka popote."

Jumapili Leander alitupeleka ziwani, Waterton.
Milima ilitokea bila utangulizi.
Maji ya rangi ya chupa ya dawa, baridi ya kung'ata fizi.
Boti ikashika kusini, hata nahodha akapunguza mwendo,
akanyoosha kidole:
ng'ambo zote mbili msitu umekatwa mstari,
kutoka majini hadi kileleni,
mwembamba, mnyoofu,
njia ya kichana kichwani mwa mtoto anayelia.
Huku Kanada. Kule Amerika.
Viza yangu ni ya kuingia mara moja.
Nikarudisha mkono ndani ya boti.

"Nani aliyemsuka?" nikauliza.
"Watu wa mbali," akasema Leander. "Hawakuuliza kama inauma."
Nyanya yake ana dada upande ule.
Hakuongeza neno, akafunga zipu ya koti hadi kidevuni.

Hapo ndipo upepo uliponikumbuka.
Ulikuja na kanga yangu ikaondoka mabegani,
nyekundu, ikaruka, ikatua, ikatandazika juu ya maji
herufi zikitazama mbingu: NIMEFIKA MSINITUME.
Ikaelea kusini taratibu,
ikapita mstari, haikugeuka nyuma.
Nahodha akauliza kama ina thamani.
Nikasema ina maneno.

Mwanaidi akamtafsiria Leander maandishi yale.
Akacheka mpaka akashika ukingo wa boti.
"Na bado imetumwa," akasema,
kisha akaacha kucheka, akaitazama muda mrefu,
mpaka ikawa nukta.

Usiku Mwanaidi kaenda zamu.
Dhanmaya akagonga, bakuli langu la bizari mkononi,
halikurudi tupu, lina mchele na ndimu mbili.
Akanigusa bega lililo wazi, akaniuliza kwa nyusi.
Nikaonyesha kusini.
Akatikisa kichwa.
Sijui bado kama ni ndiyo,
au pole.