Namba ya Mkononi

Niliwaandika kwa biro, mkono wa kushoto,
mmoja baada ya mwingine, kama mbuzi wanaopelekwa josho:
Lameki, Sechelela, na Nyemo aliyecheka
kwa sababu ncha ya kalamu ilimtekenya.
Sifuri saba nne, na kuendelea.
“Ukipotea,” nikasema, “onyesha mkono. Usiseme sana.”

Magunia mawili ya alizeti ndiyo yaliyotutoa Mlali.
Baba yao alisema Dodoma haiendi popote,
tungoje mwaka wenye mvua.
Ni kweli haiendi. Wanaokwenda ni watoto:
suruali ya Lameki ya Pasaka
sasa inaishia katikati ya muundi.

Tulishuka Nanenane saa nne, upepo umebeba vumbi
lile lile la kwetu, tena halikulipa nauli.

Mimi nilikuwa na ratiba. Wao walikuwa na yao.
Sechelela alisimama mbele ya duka la magodoro,
akayahesabu yote, akauliza usiku huyalalia nani.
Nyemo alitaka kifuniko cha mtaro,
cha chuma, kinacholia ukikikanyaga,
akakikanyaga mpaka muuza zabibu akamwomba apumzike.
Treni ya umeme tuliiona mkia tu.
“Imeisha?”
Imeisha, mwanangu.
Tukala zabibu kando ya uzio,
tukishindana kutema mbegu kuelekea reli.

Lameki ndiye aliyetaka kuuona mji wote kwa mpigo.
Damari, binti wa mama mdogo, anapiga deki
ghorofa ya tano katika jengo la vioo.
Njooni Jumamosi mchana, alisema,
wenye viti wakishaondoka.

Ukuta ukafunguka. Wakaingia wote watatu
kama vifaranga bandani.
Mimi nimeinama, narudisha kamba ya kandambili tunduni.
Ukuta ukafunga.

Sikujua mlango unaweza kumeza bila kutafuna.
Nikaugonga. Nikasema hodi. Hodi jamani!
Juu yake namba nyekundu ikawa mbili. Ikawa tatu.
Nikakumbuka mikono yao.
Nikakumbuka simu yangu:
iko gesti, Majengo, chini ya mto, inakula chaji.
Yaani wanangu nimewaandikia njia
ya kurudi kwenye mto wa kulalia.

Ngazi nilizipanda kandambili mkononi,
nikiita majina kwa ile sauti
ya kuwatoa ng’ombe kwenye shamba la watu.
Ya tatu, mtu mwenye tai akafungua mlango, akaufunga.
Ya nne, sikuwa tena na pumzi ya kuita.

Ya tano, walikuwapo.
Wamekalia ndoo za Damari zilizopinduliwa,
mapaji ya uso yamegandana na kioo.
Kijana wa ulinzi ameushika mkono wa Nyemo
kama anayesoma mita ya maji.
“Mbukwa, mama,” akasema. “Nimekupigia mara tatu.
Hupokei simu.”

Nyemo hata hakugeuka.
“Umechelewa. Nyumbani hakuonekani. Tumetafuta.”

Nikatazama. Mabati, mabati, miamba,
kisha rangi ya udongo mpaka mbingu zinapoanzia.
“Pale,” nikasema, kidole bado kinatetemeka,
“pale palipokunjamana.”
Sikujua ni wapi. Upande wa mashariki tu.
Wakapapungia mkono, wote watatu,
na Damari naye, kwa tambara lake la deki.

Biro ilikaa siku nne.
Nyemo alioga mkono wa kulia, wa kushoto akauficha mgongoni,
tarakimu zikafifia moja moja mpaka ikabaki saba.

Leo alfajiri nimemkuta kwenye mlango wa jiko.
Amechora duara kwa mkaa, usawa wa kidevu chake,
kidole kipo juu yake, hakitoki.
Unangoja nini, we mtoto?
“Nyamaza, mama. Inashuka.”

Nikatua ndoo.
Nikasimama karibu yake,
karibu kabisa, safari hii.