Chumvi katika Chai

Jumatano nimerudi kutoka soko la wanawake, hapa Ibra,
nimekukuta pale pale nilipokuacha:
kiti kile, kanzu ile, mkono wa kulia unahesabu
tasbihi isiyokuwepo.
Umeme umekatika tangu saa ngapi, hujui.
Jasho linakutiririka shingoni,
wala hukuinuka kufungua dirisha.

"Zahran, huoni joto?"
"Naona."
"Basi?"
Neno hilo likaanguka baina yetu
kama punje ya mchele. Hakuna aliyeinama kuiokota.

Mtetemo niliuzoea.
Nilikununulia kikombe chenye kifuniko,
nikajifunza kukufunga vifungo bila ya kukutazama usoni.
Mtetemo ni mgeni wa makelele, unajua chumba alicholala.
Huyu wa pili kaingia bila ya hodi,
dhahabu kaiacha, pesa kaziacha,
kachukua kutaka kwako.

Daktari wa Maskati, kijana, ndevu za juzi,
kaeleza kwa Kiarabu, kisha akaona uso wangu
akarudia kwa Kiswahili cha bibi yake wa Kikwajuni:
"Si uvivu, mama. Si kiburi. Wala si kwamba hakupendi.
Huzuni ni kitu kingine, nayo tutaitafutia dawa.
Hii hailii wala haicheki.
Makaa yamo kwenye seredani,
mkono wa kupepea ndio haupo."
Ibtisam kaandika yote kwenye simu.
Mie nilikuwa natazama viatu vyako,
cha kulia mguu wa kushoto,
na wewe ndiye uliyekuwa ukinirudisha mlangoni
kwa uzi mmoja unaoning'inia kwenye buibui.

Maana ulikuwa mgomvi, Mungu shahidi.
Miaka arubaini na sita:
chai haina iliki, chai ina iliki nyingi,
nani kahamisha miwani,
kwa nini tuliondoka Unguja,
kwa nini tulichelewa kuondoka.
Uligombana na msimamizi wa falaji
kwa dakika nne za maji.
Ukatoka usiku wa manane na saa na tochi
kumthibitishia kwamba nyota anayopimia zamu
kaisoma vibaya.
Mitende ikanywa dakika zake nne.
Ukarudi na matope magotini, ukalala unacheka.

Mwezi huu wameturuka zamu nzima.
Nimekwambia. Umesema, "Sawa."

Watu wanasema, mashaallah, mzee katulia.
Bi Thuwaiba wa nyumba ya pili ananionea gere:
"Wangu kutwa ananifokea."
Nikamwambia tubadilishane, wiki moja tu.
Kacheka mpaka kashika ukuta.
Sikuwa natania.

Basi jana nimetia chumvi.
Vijiko viwili, ndani ya chai ya maziwa, makusudi,
astaghfirullah,
nikakaa mbele yako kama mtoto aliyewasha fataki
anangoja mlio.
Umekunywa. Umemeza. Umekunywa tena
mpaka chini.
Ukanirudishia kikombe: "Ahsante."

Nimekwenda jikoni kufungua bomba,
maji yapige kelele badala yangu.

Usiku, saa nane, nakugeuza ubavu,
umesema gizani, sauti kama karatasi:
"Rayya. Ile chai."
"Ina nini?"

Nikangoja. Kiyoyozi kikazima, kikawaka.
Mbwa kabweka upande wa bondeni, kanyamaza.
"Ina nini, Zahran?"
Ulikuwa umeshalala,
au umeshaliacha neno njiani, limekuwa zito.

Leo nimeamka kabla ya adhana.
Nimetwanga iliki, nimetia kupita kiasi,
chai imekuwa chungu, haifai kupewa mgeni.
Nimeiweka mbele yako.
Nimekaa.

Dakika nne, Zahran.
Tochi ninayo mie.