Ukiwa na Siku Moja Webuye

Njoo Alhamisi. Jumapili mji huu huvaa shati jeupe
na hauongei na mgeni.
Alhamisi utamkuta Nabalayo juu ya ngazi,
anaandika KINYOZI, nafasi imemwishia kwenye Z,
ile I ya mwisho ameikunjia chini
kama mkia wa paka aliyekanyagwa.
Simama umtazame akichovya brashi
katika kopo la maziwa ya unga.
Usimsifu mapema. Ukimsifu mapema
huteremka, akaanza hadithi, na kinyozi hafungui.

Kisha shuka mtoni. Usiulize njia, fuata ngurumo.
Pale Nabuyole, Nzoia haianguki kwa adabu,
hujitupa
kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka.
Kuna mwamba mpana. Vua viatu, keti.
Atakuja kijana na miwa begani
akwambie yeye ndiye mlinzi wa maporomoko.
Siye.
Lakini nunua muwa, maana anajua majina ya mawe yote,
na nusu yake kayabuni mwenyewe,
na yale ya kubuni ndiyo mazuri.

Chini zaidi, penye udongo wa kijivu,
akina Nekoye wanafinyanga. Omba donge.
Watakicheka chungu chako, nawe cheka.
Changu cha kwanza kilifanana na sikio;
hadi leo naweka chumvi ndani yake,
na chumvi, nadhani, husikia kila kitu.

Utaliona dohani la kiwanda. Huwezi kulikosa.
Lilipokuwa likitoa moshi, mji mzima ulinuka mayai viza,
wasafiri wa Malaba walifunga vioo,
sisi tuliiita harufu hiyo mshahara.
Baba alikuwa zamu ya usiku. Alfajiri alirudi
na karatasi mbovu kwapani, zenye kingo za kuchanika,
zenye mistari ya mashine, zisizouzika.
Nyumbani kwetu karatasi ilikuwa nyingi kuliko mkate.
Basi tukachora.
Mtaa mzima ulichora: kuku, treni, walimu wenye pua ndefu,
ng'ombe wa jirani kabla hajauzwa na baada.
Watu huuliza mji mdogo hivi umepataje wachoraji wengi.
Njaa, nawaambia, na karatasi.

Siku mashine ziliponyamaza, harufu iliondoka kwanza.
Mama alifungua madirisha, kisha akayafunga tena,
hewa safi ilimtisha.

Karatasi zilipokwisha tukahamia ukutani.
Nyuma ya kinu cha posho, ukipita palipoanikwa mahindi,
utawaona: watu wa zamu ya usiku, kumi na tisa,
kila mmoja na mkebe wake wa chakula.
Nabalayo alichora mikono. Mimi nyuso.
Mvua ya Aprili huwala kuanzia miguuni,
Juni tunawarudishia viatu.
Wa saba kutoka kushoto hana uso.
Usiniulize. Nimejaribu mara nne.
Mkebe wake umekamilika, hata kutu yake,
hata ule mfuniko uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Jioni Lusweti hukaza nyuzi za litungu dukani kwake,
apige nusu wimbo, alegeze, akaze tena.
Anasema anatengeneza. Miaka sita anatengeneza.
Kula kwake: ugali wa wimbi, mrenda,
na kumbikumbi kama wametoka.
Atakataa pesa. Ziache chini ya sahani.

Kama bado kuna mwanga, rudi kwenye ukuta.
Upande wa kulia tumebakiza nafasi,
upana wa mlango hivi, karibu na bomba linalovuja.
Rangi iko kwa mama wa kinu, sema nimekutuma mimi.
Chora chochote. Tulishapata samaki,
tukapata meno ya bandia, tukapata ramani ya nyumba
ya mtu aliyelia akiichora na hakutaja jina.

Ila yule wa saba, tafadhali,
mwache alivyo.
Nimenunua brashi mpya.
Nangoja Juni.