Herufi Hamsini

Kompyuta ilikwisha kuamua kabla sijafika:
nukta namba 214, Chali, ardhi tupu.
Rangi yake ramanini ni ya maziwa yaliyochacha,
nami ndiye niliyeichagua rangi hiyo,
usiku, bwenini, upepo wa Julai ukigonga mabati
na Bodi ya Mikopo ikinitumia ujumbe wa deni.

Matabaka niliyapanga matano: kichaka, shamba, makazi,
maji, na hili la mwisho
ambamo kompyuta hutupa kila isichokielewa.

Nikaenda kuhakiki. Dakta Mkwizu alisema
nukta mia tatu, isipungue hata moja,
shahada ya uzamili haitolewi kwa kukadiria.
Kutoka Bahi pikipiki, kisha miguu, kisha miiba,
kipokezi mkononi kikihesabu setilaiti
kama mchungaji mlangoni pa zizi: saba, tisa, kumi na moja.
Umewasili, kikaniambia, pengine mita nne kando.

Mita nne kando alikuwapo mtu.

Alikuwa akipepeta mtama, makapi yakanijia usoni.
"Mbukwa," nikasema, kwa ulimi wangu wa Newala,
naye akacheka kwanza, akaitika baadaye.
Jina lake Manyima, binti Chilewa.
Nikamwonyesha skrini. Akaikinga jua kwa kanga,
akaitazama jinsi mtu anavyomtazama ndama mgonjwa.
"Hii mmeipiga lini?"
Mwezi wa kumi.
"Aa. Mwezi wa kumi hata mimi ni tupu.
Ungekuja wa pili."

Akanitembeza.
Hapa, mvua ikigusa tu, mlenda
humea bila kupandwa; huuanika,
huujaza gunia, huupeleka mnadani.
Hapa sakafu ya kupuria: mama mkwe aliisiliba,
naye huisiliba kila mwaka, samadi na udongo,
ngumu, nyeupe, laini kama kiganja.
Hii ndiyo iliyong'aa mpaka juu kule.
Hapa akanyamaza. Mawe saba, na kibuyu kilichopasuka.
Akaonyesha kwa kidevu, si kwa kidole:
"Wangu wa kwanza. Hakufikia kupewa jina."

Nilikuwa na fomu. Fomu ilikuwa na visanduku vitano.

Chuoni, kule mlimani, Dakta alipiga hesabu:
usahihi asilimia themanini na saba.
"Inatosha. Wengi wanaomba themanini na tano hawaipati.
Hiyo 214 ni moja ya makosa thelathini na tisa.
Andika sura ya tano, umalize."
Hakusema kwa ubaya. Ana wanafunzi kumi na wawili
na jicho moja linalomtoka machozi kwa skrini.

Sikubishana. Nilishuka maabara,
nikafungua jedwali, mstari wa 214,
safu ya Maelezo, ambayo hakuna aisomaye.
Nikaandika yote kwa pumzi moja, nikahifadhi,
nikaenda kunywa chai.

Safu ile hupokea herufi hamsini,
nukta na nafasi zikihesabiwa. Sikujua.
Niliporudi ilikuwa imebakiza:

Si tupu. Hapa mlenda, hapa mtama, hapa amelala mto

ikakata hapo, katikati ya mtoto.

Ningeweza kuirefusha. Ni kubofya mara mbili.
Lakini faili lilikwisha kwenda kwa Dakta,
na kwa mtu wa maktaba, na kwa mtu wa wilaya
aliyeliomba kwa ajili ya visima.

Siku moja mwingine atalifungua,
atasoma, atakunja uso, atakuja Chali
na buti, na kipokezi bora kuliko changu,
kuutafuta mto.
Naomba amkute Manyima.
Naomba uwe mwezi wa pili.